UZI: Uchoraji wa turubai Nairobi, kuanzia mbao ya fremu hadi karatasi ya mauzo

Brashi_Eastlands (mwanzisha uzi)

Humu kila mara anatokea mtu anauliza namna ya kuingia galari. Majibu huwa ni majina ya watu wa kujuana nao, halafu mjadala unakufa. Naomba uzi huu tuuelekeze kwenye kitu chenyewe tunachouza. Mnunuzi anayejua kazi hugeuza picha na kuangalia mgongo wake kabla ya kuuliza bei. Anatazama kona, stepla, maandishi. Akikuta mbao imepinda na kitambaa kimelegea, anajua baada ya miaka michache atakuwa anamlipa mtu wa kurekebisha.

Na mji huu si mgeni kwa kazi hii. Vituo vya sanaa vipo siku nyingi: Paa ya Paa ilianza 1965, Kuona Trust 1995, GoDown ikafungua milango pale Industrial Area 2003, na tangu 2013 galari ya Circle Art inaendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki. Mnada ukishakuwepo, hali ya kazi huandikwa. Rangi iliyopasuka huandikwa. Hapo ndipo ubora wa vifaa unapogeuka kuwa pesa.

Naanza na fremu, nikitumia kipimo cha sentimita 80 kwa 100.

Mbao: saiprasi ya inchi 2 kwa 1, iliyokauka. Mbao nyingi kwenye yadi za Gikomba zinauzwa zikiwa bado na maji. Ukiiunganisha hivyo, itajikunja ikishakauka, na kona moja itaachana na ukuta. Namna ya kujua: pima uzito wa kipande kilekile kwa mizani ya jikoni siku kadhaa mfululizo. Uzito ukiacha kushuka, fanya kazi. Kataa kipande chenye fundo karibu na mwisho, maana ndipo utakapokata kwa pembe ya digrii 45, na fundo hupasuka.

Kabla ya kukata, pitisha randa kwenye ukingo wa ndani wa uso wa mbele ili uteremke kidogo. Watu wengi wanairuka hatua hii. Kitambaa kikigusa ukingo wa ndani, kila ukisukuma brashi unachora mstari wa fremu kwenye picha bila kutaka, na mstari huo hautoki. Ukishagundisha kona, pima pembe hadi pembe: kwa 80 kwa 100 mistari yote miwili inapaswa kuwa sentimita 128. Ikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, sukuma kabla gundi haijashika. Upande ukizidi sentimita 90, weka mbao ya kati.

Kitambaa: pamba nzito, gramu 340 hadi 400 kwa mita ya mraba. Amerikani nyepesi ya dukani Biashara Street ni nzuri kwa mazoezi, lakini kwa kipimo hiki itabonyea katikati. Kata 92 kwa 112 ili ubaki na sentimita 6 kila upande. Ulalo wa nyuzi uende sambamba na mbao. Kuwamba kunaanzia katikati: stepla moja katikati ya upande, vuta upande wa pili, piga, kisha pande mbili zilizobaki. Baada ya hapo nenda kuelekea kona, ukibadilisha upande kila baada ya stepla mbili, nafasi ya sentimita 5. Anayeanzia kona huishia na mikunjo ya mshazari isiyotoka.

Sijagusa rangi ya msingi, ile inayopakwa kwenye kitambaa kabla ya picha. Kuna mwenzetu humu anaijua kuliko mimi.

Kijana_wa_Umoja

Asante sana mkubwa. Swali la haraka: emalshoni nyeupe ya ukutani haiwezi kufanya kazi ya msingi? Ndiyo naona ikitumika karibu kila studio, na ndoo ya lita 4 inachukua muda mrefu kuisha.

MamaRangi

Mwanangu, inashika leo. Tatizo lake linakuja baadaye. Emalshoni ya bei nafuu ina unga mwingi na gundi kidogo, kwa sababu imetengenezwa kukaa juu ya plasta ambayo haitikisiki. Turubai inatikisika: unaibeba, unaigonga, inalegea msimu wa mvua na kukaza wakati wa kiangazi. Ule unga hauna wa kuushika, unavunjika. Paka kipande, kikauke wiki moja, kisha kikunje kwenye penseli. Ukiona nyufa au unga mweupe kidoleni, umepata jibu.

Jeso ya akriliki ya dukani, yaani rangi nyeupe ya msingi ya turubai, ni ghali, lakini hesabu yake si ya kutisha. Turubai ya 80 kwa 100 ni mita za mraba 0.8. Mikono mitatu, yaani kuipaka mara tatu, ni mita 2.4, na lita moja hufunika karibu mita 7 kwa mkono mmoja, kwa hiyo unahitaji kama mililita 350. Mkono wa kwanza ongeza maji asilimia 20 upenye kwenye nyuzi. Wa pili na wa tatu asilimia 10 tu, kila mmoja ukipakwa kukata mwelekeo wa uliotangulia. Msasa laini wa namba 320 kati ya mikono, kwa mguso mwepesi. Subiri saa 24 kabla ya akriliki, na siku 3 kabla ya rangi ya mafuta.

Ukitaka kuchanganya mwenyewe: sehemu moja ya binda ya akriliki (gundi inayoshika unga wa rangi), sehemu moja ya chaki laini iliyochujwa, robo ya titani nyeupe ya unga, na maji kidogo mpaka iteleze kama uji mwepesi. Mwiko ni kuongeza chaki ili iwe nyeupe zaidi. Binda ikizidiwa, unarudi palepale pa emalshoni. Vaa barakoa ukipima unga. Na msitumie gundi nyeupe ya mbao mahali pa binda: hugeuka njano, na nyingine zina asidi.

Jambo la Julai hapa kwetu: akriliki inahitaji joto la nyuzi 10 au zaidi ili utando wake uungane. Usiku wa baridi ndani ya studio ya mabati unakaribia hapo. Paka asubuhi jua likishapanda, si saa kumi na mbili jioni. Utando ulioshindwa kuungana unaonekana wa unga na unatoka kwa kitambaa chenye maji.

Kijana_wa_Umoja

Na kupunguza rangi kwa maji, mpaka wapi?

MamaRangi

Jaribio ni rahisi: ikishakauka siku nzima, futa kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikitoka, maji yalizidi. Ukipenda rangi nyepesi kama chai, punguza kwa midiamu ya akriliki (akriliki isiyo na rangi) badala ya maji peke yake.

Kwa wa rangi ya mafuta: tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu liwe na mengi. Nyeusi ya pembe hukauka polepole sana. Ukiiweka chini kisha ukapaka amba ya kahawia juu, ambayo hukauka baada ya siku chache, juu patakuwa pagumu na chini bado panasogea. Hapo lazima ipasuke. Na akriliki haipakwi juu ya mafuta hata siku moja. Kinyume chake kinaruhusiwa.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani msiviviringishe na kuvitupa kwenye pipa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vikirundikana vinaweza kuwaka vyenyewe bila kiberiti. Vilowesheni maji na muviweke kwenye mkebe wa chuma wenye kifuniko. Studio zetu nyingi ni mabati na mbao, zimebanana. Moto mmoja unachukua kazi za watu wote.

Mbugu_na_Nyuzi

Naomba niongeze upande wa mbugu, kitambaa cha gome la mti, maana tangu kazi za mchoraji Michael Armitage zijulikane duniani, vijana wengi wanainunua bila kuielewa. Armitage, aliyezaliwa hapa Nairobi 1984, huwamba mbugu ya Uganda na kupaka rangi ya mafuta, na huacha matundu na mishono ionekane. Mishono ile si pambo la msanii. Mbugu hutengenezwa kwa gome la ndani la mti wa mutuba, gome linapigwa kwa nyundo za mbao mpaka litanuke, na panapochanika panashonwa. Buganda huitumia kufunika maiti na katika sherehe za heshima, na UNESCO iliutambua ufundi huo 2005. Anayechora juu yake anachora juu ya kitu ambacho tayari kinazungumza. Ajue kinasema nini kabla hajaongeza lake.

Kiufundi, mbugu haina ulalo wa nyuzi kama pamba. Inanyooka upande mmoja kuliko mwingine, na unene wake haulingani. Usiivute kwa koleo. Ilaze kwanza kwa mvuke kidogo, iwambe kwa mkono, na weka stepla kila sentimita 3 juu ya utepe wa pamba ili isichanike. Kwa kazi inayozidi mita moja, gundisha pamba nyepesi kwa nyuma, la sivyo uzito wa rangi utaivuta chini.

Rangi ya mafuta isiguse nyuzi tupu za mbugu. Asidi ya mafuta huzila polepole. Ifunge kwa midiamu ya akriliki, sehemu moja kwa maji sehemu mbili, mikono miwili mbele. Rangi yake ya udongo itakuwa nyeusi kidogo ikilowa na itarudi ikikauka. Ukipaka jeso nyeupe juu yake umeiua. Heri ungetumia pamba.

Chuma_Chakavu

Nisipite bila kutaja wenzetu wa sanamu za chuma na vitu vilivyookotwa. Miwani za msanii Cyrus Kabiru zimefanya watu wengi waone takataka za mji huu kwa jicho jipya, ila kuokota ni mwanzo tu. Kutu iliyo hai inaendelea kula chini ya vanishi. Loweka vipande vidogo kwenye siki nyeupe usiku kucha, sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kausha siku hiyohiyo kwa joto, kisha paka laka angavu au nta. Ukiacha mpaka kesho, kutu mpya ya rangi ya machungwa imesharudi.

Mabati yaliyopakwa zinki msiyachomelee bila kuondoa zinki kwenye sehemu ya kuungia. Moshi wake mweupe huleta homa, kutetemeka na kifua kubana saa chache baadaye. Saga mpaka uone chuma, fanyia kazi nje, vaa barakoa ya moshi wa chuma. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu.

Brashi_Eastlands

Nyote mmenisaidia sana. Sasa sehemu ambayo naiona ndiyo dhaifu zaidi kwetu: mfululizo wa kazi. Msimamizi wa maonyesho akifungua potifolio yako na kukuta twiga, picha ya babu, mabaka ya rangi na mandhari ya Ngong, hawezi kukupa ukuta. Haoni swali lako.

Njia inayofanya kazi ni kujiwekea mipaka. Swali moja, vipimo viwili tu vya turubai, rangi tano tu, kazi 10 hadi 12. Mfano: namna vibanda vya M-Pesa vinavyobadilisha kona ya mtaa. Anza na michoro midogo ya ukubwa wa kiganja, kama 40, kwa penseli tu, ukitafuta mpangilio wa giza na mwanga. Chagua 15. Hizo zipake kwa rangi mbili kwenye karatasi. Kati yake ndipo unapata zinazostahili turubai. Anayeingia moja kwa moja kwenye turubai humaliza akiba ya vifaa kabla ya kupata wazo.

Rangi tano hizo ziwe na alama ya uimara kwenye mwanga, I au II, imeandikwa kwenye tyubu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na jua letu ni kali. Ukiwa na shaka na rangi, paka ukanda, funika nusu kwa kadibodi, weka dirishani miezi mitatu. Waridi nyingi za bei rahisi hupauka wazi kabisa.

Maelezo ya msanii: maneno 150. Sentensi ya kwanza iseme unachora nini na kwa kitu gani. Ya pili, kwa nini kitu hicho na si kingine. Ondoa "nachunguza safari ya utambulisho". Sentensi hiyo inaweza kuwekwa chini ya picha ya mtu yeyote.

Dada_Hesabu

Kaka, kuhusu bei nina jambo. Wengi wanapiga kwa sentimita ya mraba, na kwa kazi kubwa hesabu inavunjika. Chukua 30 kwa 40: ni 1,200. Chukua 150 kwa 200: ni 30,000, mara 25. Hakuna atakayelipa mara 25, kwa hiyo unaanza kushusha kwa kubahatisha na bei zako zinapoteza mantiki. Jumlisha urefu na upana badala yake: 70 dhidi ya 350, mara 5. Hiyo inauzika.

Kwa hiyo 80 kwa 100 ni 180. Ukiweka kiwango cha shilingi 250 kwa sentimita, bei ni 45,000. Galari nyingi huchukua kati ya asilimia 30 na 50. Kwa 50 unabaki na 22,500. Toa mbao, pamba, jeso, rangi, usafiri na sehemu ya kodi ya studio. Kinachobaki kikiwa hakilipi siku zako, kiwango ni cha chini. Panda kwa asilimia 10 hivi baada ya maonyesho yaliyouza vizuri, na usirudi nyuma. Bei ya studio na bei ya galari iwe moja. Mnunuzi akikuta umemuuzia jirani nusu bei, galari inakuacha, na yeye anajiona ameibiwa.

Kampuni zikinunua zitaomba ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, kwa sababu tangu Januari 2024 haziwezi kuondoa gharama kwenye kodi bila hiyo. Jisajili mapema. VAT ya asilimia 16 inakuhusu mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka.

Wakili_wa_Wasanii

Niongeze karatasi. Kazi ikienda galari bila kuuzwa, iende na mkataba wa amana: orodha ya kazi zenye picha, bei, asilimia, nani analipa punguzo likitolewa, siku ngapi baada ya mauzo unalipwa (siku 30 ni sawa), nani analipa ikiharibika, na tarehe ya kurudishwa. Bila tarehe ya kurudishwa, picha zinakaa stoo mpaka zisahaulike.

Hakimiliki yako inaanza mara unapoiweka kazi kwenye turubai au karatasi. Usajili kwa KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, ni ushahidi, si chanzo cha haki. Inadumu maisha yako na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo. Anayenunua picha ananunua kitu, hanunui ruhusa ya kuichapa kwenye fulana. Kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi.

Ila hapa ndipo wachoraji wa kuta wanapoumia: kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinasema kazi iliyoagizwa, hata kama wewe si mwajiriwa, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vinginevyo. Kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta wa mgahawa au ofisi, weka mstari mmoja: "Hakimiliki inabaki kwa msanii, mteja anaruhusiwa kuonyesha kazi mahali hapa na kwenye mitandao yake." Haki ya kutajwa kama mchoraji, na ya kupinga kuharibiwa kwa kazi kunakochafua jina lako, inabaki kwako kwa vyovyote.

Na marekebisho ya 2019 yalileta haki ya mauzo ya marudio: kazi ikiuzwa tena kibiashara, asilimia 5 ni ya msanii. Utaidai vipi kama mgongo wa picha hauna jina wala mwaka?

Brashi_Eastlands

Hapo wakili amegusa penyewe. Andika kwa penseli kwenye mbao ya fremu, si kwa maka pen kwenye kitambaa, kwani wino hupenya mpaka mbele. Jina, kichwa, mwaka, vifaa, urefu kabla ya upana, na mshale wa juu. Piga picha ya mgongo pia. Mbele piga siku ya mawingu, kamera katikati ya picha, ukitumia lenzi isiyopindisha kingo, na kadi ya kijivu kwenye picha ya kwanza unayopiga ili rangi zisahihishwe.

Kijana_wa_Umoja

Swali la mwisho wazee wangu. Nimepata mnunuzi Ujerumani, kazi ni akriliki 120 kwa 150. Niiviringishe au niiache kwenye fremu?

Mbugu_na_Nyuzi

Kama ni akriliki isiyo na tabaka nene, iviringishe. Rangi itazame nje, si ndani. Ikitazama ndani hubanwa na kukunjana. Bomba liwe na kipenyo cha sentimita 15 au zaidi, na urefu uzidi upande mfupi kwa sentimita 10. Juu ya rangi weka karatasi laini ya glasini au ya kuokea yenye silikoni. Plastiki ya mapovu isiguse akriliki kabisa: rangi hulainika kwenye joto la mizigo na utapokea picha yenye madoadoa ya mviringo kila mahali.

Ukiamua kreti, tumia plaiwudi. Mbao ya kawaida isiyotibiwa inazuiwa mpakani. Inatakiwa ipashwe joto mpaka nyuzi 56 katikati ya mbao kwa dakika 30, na igongwe muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia. Plaiwudi haihitaji. Angalia tu vile vijiti vya kona za ndani ya kreti: navyo visiwe mbao isiyotibiwa, maana mkaguzi huangalia huko pia. Mwandikie mnunuzi mapema kwamba gharama ya kuwamba tena ni yake, na umtumie kipimo kamili cha picha kwa milimita ili fundi wake akate fremu kabla mzigo haujafika.